Jinsi ya Kupanga Bei ya Kutunza Nyasi za Nyumbani: Mwongozo kwa Wanaoanza Biashara ya Bustani Dodoma

Wanaoanza kazi ya kutunza bustani jijini Dodoma huuliza swali moja bila kuchoka: uwanja wa nyumba ya kawaida kule Kisasa, Ilazo au Iyumbu utozwe shilingi ngapi? Anayeuliza hutarajia kupewa tarakimu moja aende nayo kwa mteja. Tarakimu hiyo haipo, kwa sababu nyumba mbili zilizopakana zinaweza kuwa na nyasi za ukubwa mmoja huku moja ikikuchukua saa moja na nyingine saa nne. Kilichopo ni hesabu, na hesabu hiyo mtu yeyote mwenye daftari na simu anaweza kuifanya.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba zenye bustani zimeongezeka na watu wanaotafuta riziki humo wameongezeka vilevile. Inaniuma kuona fundi hodari, anayefika kwa wakati na kuacha uwanja umenyooka, akiiacha kazi hii kwa sababu mashine yake ilipokufa hakuwa na akiba ya kununua nyingine, ilhali hakuna wiki aliyokaa bila kazi. Mtu huyo alikuwa akiuza mashine yake kidogo kidogo bila kujua. Ushauri wangu, ambao hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake, ni huu: piga hesabu zako kwa saa, lakini mtajie mteja bei ya kazi nzima.

Shilingi zote zilizotajwa humu ni mfano wa kukuonyesha njia. Weka za kwako mahali pake.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Daftari la gharama, tofauti na daftari la mapato.
- Futikamba ya mita 30 au 50. Hatua za miguu hazitoshi mpaka utakapokuwa umezipima na kuzizoea.
- Simu yenye saa ya kuhesabu muda na kamera.
- Risiti za mashine, vipuri na mafuta, au angalau kumbukumbu ya kweli ya ulivyonunua.
- Namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, ambayo TRA huitoa bila malipo. Kuhusu leseni ya biashara, waulize Halmashauri ya Jiji mapema, kwa sababu wateja wenye nyumba za taasisi hawataingia makubaliano na mtu asiye na karatasi.
- Vifaa vya kazi vilivyo tayari: mashine ya kusukuma, mashine ya kufyekea ya begani, reki, fagio la chelewa, mkasi wa ua, toroli, buti, glovu na miwani ya kukinga macho.

Hatua ya 1: Jua gharama ya mwezi mzima

Andika kila kitu ambacho biashara hula kwa mwezi, hata kama mwezi huo hukukitolea fedha mfukoni. Tuchukulie wewe na msaidizi mmoja mnafanya kazi siku 24 kwa mwezi:

- Malipo yako mwenyewe: 500,000
- Msaidizi, 12,500 kwa siku: 300,000
- Akiba ya kununua mashine mpya: 50,000
- Matengenezo, yaani kunoa visu, kamba ya nailoni, plagi na filta ya hewa: 60,000
- Simu, glovu, buti na vitu vidogo: 40,000
- Leseni, kodi na mahali pa kuhifadhia vifaa: 50,000

Jumla ni shilingi 1,000,000. Petroli na nauli havimo, kwa sababu hubadilika kwa kila nyumba na vitaingia baadaye.

Akiba ya mashine ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ikiwa mashine ya begani ilinunuliwa kwa 600,000 na unatarajia idumu miezi 24, basi kila mwezi inakula 25,000. Na ikiwa mashine ya kusukuma ilikuwa 900,000 na itadumu miezi 36, nayo inakula 25,000. Vumbi la Dodoma ni kali, upepo wa miezi ya kiangazi huliingiza kwenye filta kila siku, kwa hiyo usijidanganye kwamba mashine itadumu kama ile inayofanya kazi kwenye nyasi zenye unyevunyevu mwaka mzima.

*Angalizo:* usiyaache malipo yako mwenyewe nje ya hesabu kwa kudhani kwamba utakula kitakachobaki. Ukifanya hivyo, hakitabaki.

Hatua ya 2: Gawanya kwa saa zinazolipwa, wala si kwa saa unazokuwa nje ya nyumba

Siku 24 za saa 8 ni saa 192. Hata hivyo, hakuna mteja anayekulipa unapokuwa barabarani kutoka Nkuhungu kwenda Nzuguni, unapotafuta plagi madukani, unapongoja mvua ikatike au unapozungumza na mteja mpya langoni. Kwa watu wawili wanaoanza, saa 5 zenye malipo kwa siku ni makadirio ya haki, nazo hufanya saa 120 kwa mwezi.

Shilingi 1,000,000 ukigawa kwa 120 unapata takriban 8,333. Hiyo ndiyo gharama ya saa moja ya timu yako kabla ya biashara yenyewe kupata faida yoyote. Ongeza asilimia 20 ya faida na utafika shilingi 10,000 kwa saa kwa watu wawili. Faida hii si mshahara wako. Mshahara tayari umo. Ni ya biashara, kwa ajili ya mwezi mbaya, mashine ya pili, au msaidizi anayeugua.

Hatua ya 3: Pima uwanja na uukague kwa miguu yako

Usikubali kutaja bei kwa simu. Fika, salimia, omba ruhusa ya kuzunguka, kisha pima. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600, lakini ukitoa nyumba, banda la gari, kisima cha maji taka na eneo lililotandazwa vitofali, nyasi zinaweza kubaki mita za mraba 300 au pungufu. Bei iwe ya nyasi, si ya kiwanja.

Unapozunguka, andika mambo haya:

- Aina ya nyasi. Ukoka hutambaa na kuingia kwenye vitanda vya maua, hivyo kingo zake hula muda. Nyasi za pemba zina majani mapana na hukatwa zikiwa ndefu zaidi.
- Urefu wa sasa.
- Magugu. Ndago na mbigili hazishindwi kwa mashine. Zinataka mkono na jembe dogo, na kazi hiyo ihesabiwe peke yake kwa saa.
- Vizuizi: miti, mawe, mabomba ya maji, miche michanga.
- Mabaki ya ujenzi. Jiji hili linajengwa kila kona, na chini ya nyasi za nyumba mpya kuna misumari, vipande vya nondo na waya wa kufungia. Vitu hivyo huvunja kisu, na vikirushwa humjeruhi mtu. Kuviokota ni kazi, nayo ina bei.

Piga picha kabla ya kugusa chochote. Zitakuokoa siku mteja atakaposema kwamba bomba lilikuwa zima.

Hatua ya 4: Kadiria muda kwa kipimo chako mwenyewe

Katika kazi zako chache za mwanzo, pima kwa saa ya simu muda unaotumia kwa kila mita za mraba 100, ukitenganisha kukata, kunyoosha kingo, na kukusanya majani. Usinakili muda wa mtu mwingine. Mashine yake si yako. Baada ya nyumba chache utakuwa na wastani unaoaminika, na wastani huo una thamani kuliko bei yoyote utakayosikia kijiweni.

Kwa mfano wetu, tuseme uwanja wa mita za mraba 300 uliotunzwa unakuchukua saa 2 pamoja na usafi.

*Angalizo kuhusu mara ya kwanza:* uwanja ulioachwa miezi mitatu unaweza kuchukua muda mara mbili au tatu ya uwanja uliotunzwa, kwa sababu unafyekwa kwanza kwa mashine ya begani, unakusanywa, ndipo unasawazishwa. Pia nyasi hazitakiwi kukatwa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mkupuo, kwani zikinyolewa hadi mashinani kwa siku moja hugeuka manjano na jua la hapa huzichoma. Kwa hiyo kazi ya kwanza iwe na bei yake, ikiwezekana kwa safari mbili, na mteja aelezwe wazi kwamba bei hiyo haitarudiwa akiingia kwenye utaratibu wa kudumu.

Hatua ya 5: Ongeza petroli na usafiri

EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo fungua daftari lako na usahihishe. Kama mashine yako ya begani inatumia petroli iliyochanganywa na oili, hesabu oili pia: kwa mchanganyiko wa 25 kwa 1, kila lita ya petroli hubeba mililita 40 za oili, na kwa 50 kwa 1 hubeba mililita 20. Fuata kijitabu cha mashine yako, kwa maana kupunguza oili ili kuokoa fedha ni njia ya haraka ya kuua injini.

Tukiendelea na mfano: saa 2 ni shilingi 20,000, petroli lita moja tuiweke 3,000, bajaji ya kwenda na kurudi na mashine 6,000. Jumla 29,000. Mtajie mteja 30,000.

Sasa weka kiwango cha chini ambacho hutakishuka. Mteja mwenye kipande cha nyasi cha mita za mraba 40 mbele ya baraza bado anakutoa nyumbani, anakulipisha bajaji ile ile na kukuvunjia asubuhi. Kiwango cha chini kiwe saa moja pamoja na usafiri, hata kama kazi ni ya dakika 25. Ukiona ni kikubwa kwa mteja huyo, mwambie awashawishi jirani wawili wa mtaa wake. Ukifanya nyumba tatu kwa safari moja, unaweza kumgawia punguzo la nauli kwa haki bila kujiumiza.

Hatua ya 6: Chagua kati ya bei ya kila safari na bei ya mwezi

Hapa ndipo Dodoma inapotofautiana na miji ya pwani, na ndipo wengi wanapopotea. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo mitano nyasi hukua kwa kasi na huenda ukahitajika kila baada ya siku 10. Kuanzia Mei hadi Novemba uwanja usiomwagiliwa hulala, na hata unaomwagiliwa kidogo hukatwa labda mara moja kwa mwezi.

Tuifanye hesabu ya mwaka kwa uwanja wetu. Miezi mitano ya mvua, mara 3 kwa mwezi, ni safari 15. Miezi saba ya kiangazi, mara moja kwa mwezi, ni safari 7. Jumla safari 22, kila moja 30,000, sawa na 660,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa miezi 12 unapata 55,000 kwa mwezi. Mteja anapenda kiasi kisichobadilika, nawe unapata fedha ya Agosti na Septemba, miezi ambayo wenzako hukaa vijiweni.

Lakini tazama kinachotokea mteja akianza Desemba na kuvunja makubaliano mwisho wa Aprili. Umemfanyia safari 15 zenye thamani ya 450,000, naye amelipa miezi mitano ya 55,000, yaani 275,000. Umepoteza 175,000 na mashine imechakaa. Kwa hiyo andika kwenye makubaliano kwamba yakivunjwa kabla ya mwaka, safari zilizofanyika zitahesabiwa kwa bei ya safari moja moja na tofauti italipwa.

Sharti hilo liwe la pande zote mbili. Anayeanza Mei na kuondoka mwisho wa Novemba atakuwa amelipa 385,000 kwa safari 7 zenye thamani ya 210,000. Hizo 175,000 ni zake na umrudishie. Ukimrudishia mtu fedha yake pasipo kudaiwa, atakutaja kwa watu wengi kuliko tangazo lolote. Kwa sababu hiyo, fedha ya ziada ya miezi ya kiangazi isitumike yote. Iwekwe mahali pa kupatikana.

Mteja ambaye hutaki kumfunga kwa mwaka, mpe bei ya safari tu. Mimi hupendekeza bei ya safari kwa mtu mpya katika mwezi wa kwanza, ndipo mzungumzie mwezi.

Hatua ya 7: Tenganisha kazi za ziada

Kukata nyasi ni kukata, kunyoosha kingo na kukusanya. Yaliyobaki yawe na mistari yake:

- Ua la michongoma au bogenvilia: kwa mita ya urefu, na utaje kama ni upande mmoja au pande zote na juu.
- Kupalilia ndago na mbigili: kwa saa.
- Kuondoa majani. Kubaliana mapema kama yanabaki kwenye shimo la mboji la mwenye nyumba au yanabebwa kwa guta, na nani analipa guta. Wafugaji wa mbuzi huyachukua kwa furaha wakati wa kiangazi, ila usimpe mtu majani ya uwanja uliopuliziwa dawa.
- Kumwagilia: unatoza muda wako, maji ni ya mwenye nyumba.

Kuhusu maji, mweleze mteja ukweli kabla hajaamua. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kuulowesha uwanja wa mita za mraba 300 kwa milimita 10 kunahitaji lita 3,000, yaani matangi matatu ya lita 1,000, kwa mara moja tu. Anayepata maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kwa mgao, au anayenunua boza, anapaswa kulijua hilo, na huenda akachagua kupunguza nyasi na kupanda miti ya kivuli. Utapoteza mita kadhaa za kukata, lakini hutakuwa umemwingiza kwenye hasara.

Hatua ya 8: Andika na utaje bei

Karatasi moja inatosha: jina la mteja, eneo lililopimwa, kazi zilizomo, kazi zisizomo, bei, siku za kuja, na namna ya kulipa. Taja pia kama ada ya kutolea fedha kwenye simu ni juu yake. Ni kiasi kidogo kwa safari moja, lakini kwa mwaka huonekana. Wateja wengi hapa hulipwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo panga tarehe ya kulipwa iendane na hapo.

Nyumba zinazopangishwa na wabunge na wageni wa vikao, hasa wakati wa Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, huwa na mwenye nyumba mmoja, mpangaji mwingine na mlinzi wa tatu. Kabla ya kushika reki, uliza nani anaagiza, nani anakagua na nani analipa, kisha majina hayo yaandikwe. Kila ukimaliza, mtumie mlipaji picha.

Mteja akiomba punguzo, usipunguze bei ya saa, punguza kazi. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mwanangu, elfu thelathini ni nyingi. Nifanyie ishirini."

"Mama, kwa ishirini na tano nitakata na kusafisha mbele na ubavuni, nyuma tuiache safari ijayo. Ukitaka uwanja wote pamoja na kingo, ni thelathini."

Umemheshimu, hukugomba, na hesabu yako imebaki salama.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Mteja anasema kuna kijana anayefanya kwa 10,000.* Inawezekana ni kweli. Muulize kwa upole kama bei hiyo ina usafi, kingo na kubeba majani. Akibaki na msimamo, mwache kwa heri. Usimseme vibaya yule kijana.

*Kazi inachukua muda mrefu kuliko ulivyokadiria.* Siku hiyo maliza kwa bei mliyokubaliana. Andika muda halisi, kisha bei ya safari inayofuata ijadiliwe ukiwa na sababu mkononi. Kupandisha bei mkasi ukiwa umeshaingia kwenye ua ni kuvunja ahadi.

*Petroli imepanda katikati ya makubaliano ya mwaka.* Kwa uwanja mdogo, nyongeza ya mia chache kwa lita imeze mwenyewe. Ikiwa nyumba zako ni kubwa, weka tangu mwanzo sharti la kupitia bei kila miezi sita.

*Jiwe limevunja kioo cha gari au dirisha.* Simamisha mashine, mwite mwenyeji, piga picha, na ulipe kama mlivyoandikiana. Kinga yake ni kuokota mawe, kuomba gari lisogezwe na kuelekeza mrusho upande usio na watu.

*Mteja halipi kwa wakati.* Mkumbushe mara moja kwa ujumbe wa heshima wenye tarehe za kazi na picha. Mwezi wa pili ukiingia bila malipo, sitisha safari kabla deni halijakua. Deni la miezi mitatu ni gumu kulipika hata kwa mtu mwema.

*Kiangazi kimefika na saa zenye malipo zimeshuka kutoka 120 hadi 60.* Gharama ikibaki 1,000,000, saa moja sasa inakugharimu takriban 16,667, na hakuna mteja atakayekubali uihamishie kwake. Mlipe msaidizi kwa siku anazofanya kazi kweli, hamishia nguvu kwenye kumwagilia, kukata ua, kuchimba mashimo ya miti na kuandaa viwanja vya kupandwa nyasi mvua zikianza, na matengenezo makubwa ya mashine yafanye wakati huo. Kama bado saa hazifiki hata 80 kwa mwezi, rudi Hatua ya 2 na upange bei yako kwa wastani wa saa za mwaka mzima badala ya saa za mwezi wa mvua kama Januari.